Alama za Nyumbani

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa gredi ya tisa yakishatoka, simu yangu hailali. Watu wa huku Seme wanajua kwamba niko kwenye kamati ya ufadhili wa masomo, ile inayochagua watoto wachache wenye akili na wasio na uwezo ili walipiwe shule ya upili mpaka wamalize. Niliwekwa humo kwa sababu masharti yanataka awepo mtu wa dini, na mchungaji wetu ana makanisa mengi kuliko siku za wiki. Mimi nimestaafu kufundisha dini, nina muda, na magoti yangu hayakuulizwa.

Wanaopiga huanza na salamu ndefu. Wananiuliza habari za mke wangu, za mvua, za ng'ombe niliyemuuza zamani. Kisha wanafika kwenye neno lenyewe: mtoto amekosa alama za kufuzu, amekosa kidogo tu, Mzee, kidogo sana. Nawaambia kwamba alama za kufuzu hupangwa ofisini, si kwangu. Wanasema wanaelewa, halafu wanauliza tena. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningeuliza mara ya tatu.

Kamati yetu hukutana Kondele, mjini Kisumu, ghorofani, juu ya duka la viatu vya mitumba, mahali ambapo makanga wa matatu na waendesha bodaboda huanza kubishana asubuhi na hawajamaliza mpaka jua linapozama. Tukifungua dirisha hatusikilizani. Tukilifunga tunaiva. Humo ndimo tunamosomewa majina ya watoto, na kila jina likisomwa naona uso, kwa maana wengi wao walibatizwa nikiwa nimeshika bakuli la maji pembeni ya mchungaji.

Ufadhili huu una alama za aina mbili. Za kwanza ni za mtihani, na hizo hazina maneno mengi: mtoto amefika kwenye mstari au hakufika. Za pili tunaziita alama za nyumbani. Afisa anakwenda mpaka nyumbani kwa mtoto, anatazama paa, sakafu, viti, taa, mifugo na chakula, na kila kitu kina alama yake ndani ya tableti anayoibeba. Hapo hesabu hugeuka, kwa sababu aliye na kidogo ndiye anayepata nyingi. Mtoto lazima afuzu pande zote mbili. Akianguka upande mmoja, ule mwingine haumsaidii.

Nimekaa na hesabu hii ya pili kwa miaka kadhaa na bado hatujazoeana. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kuhesabu walichopewa. Uzeeni nimepewa kazi ya kuwasindikiza wanaohesabu walichokosa. Sinung'uniki, kwa sababu watoto wanasoma na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini jioni nikirudi nyumbani huwa nina uchovu ambao chai haiuondoi.

Mwaka huu, katika watoto wote wa kanisa letu waliojaribu, ni msichana mmoja tu aliyefika kwenye mstari wa mtihani, na alifika kwa shida, kama mtu aliyeshika mlango wa gari linaloondoka. Analelewa na nyanya yake, mjane anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni na kuwauza sokoni. Mama mzazi alifariki msichana huyu akiwa bado anabebwa mgongoni. Shule aliyoitiwa ni ya bweni na iko mbali. Bila ufadhili, angebaki kuisikia kwa jina tu, kwa sababu nyanya yake hakuwa na njia yoyote ya kumfikisha huko. Kwa hiyo mambo yote yalibaki kwenye alama za nyumbani. Nilipotoka Kondele siku ile nilikuwa mtulivu. Nyumba ya yule mama ninaijua. Nilijiambia kwamba hapo afisa hatakuwa na kazi; ataingia, ataona, ataandika.

Masharti yanasema familia isiambiwe siku ya kutembelewa, ili wasije wakaficha mali. Lakini afisa hawezi kuzunguka vijijini peke yake, hivyo hupewa mzee wa kijiji wa kumwongoza. Mzee wetu wa kijiji ni mtu niliyechunga naye ng'ombe utotoni. Alipopewa siku, alifanya lile ambalo mtu yeyote wa huku aliyelelewa vizuri angelifanya: alikwenda kwa yule mjane akamwambia ajiandae, wageni wanakuja. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alivunja sharti, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali.

"Tuingie kwa mjane bila taarifa? Sisi ni polisi?"

Siku ya ziara nilikuwa nimetoka hospitali ya Kombewa kwa ajili ya haya magoti. Afisa alinikuta sokoni, ili nimsindikize kwa niaba ya kamati. Alikuwa mwanamke kijana, mtu wa upande wa Kakamega anayefanya kazi Kisumu, hajui Dholuo hata salamu, na ameshatembelea maboma mengine tangu asubuhi. Viatu vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya barabara. Aliniamkia vizuri, akaninunulia maji, akaniuliza kama kuna kupanda mlima. Nilimwambia kuna kushuka tu, kuelekea ziwani. Alisema kushuka kwenda ni kupanda kurudi. Nikaona huyu tutapatana.

Mzee wa kijiji alitupokea njiani akiwa amevaa koti. Hilo lingetosha kunionya, maana jua lilikuwa kali na koti lile hulitoa kwenye mazishi na harusi. Akawa anacheka cheka. Alinivuta nyuma kidogo akaniambia kwa Dholuo kwamba mama amejitahidi sana, kwamba jogoo ametoka kwa shemeji yake ng'ambo ya kijito na chupa ya chai imetoka kwa mke wa mwalimu mkuu, na kwamba hatutaaibika mbele ya mgeni wa mjini. Miguu yangu iliendelea mbele lakini moyo ulisimama palepale.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Yule mama alisimama mlangoni amevaa kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama, akatupokea kwa mikono miwili. Tulipoingia, macho yangu yalihitaji muda kuzoea giza la ndani, na kitu cha kwanza kilichotoka gizani kilikuwa chekundu.

Vilikuwa viti vya mbele vya kanisa letu. Vile vikubwa vya mbao vyenye mito myekundu, ambavyo hukaliwa na mchungaji na wageni wake. Vilikuwa vimepangwa ukutani na kufunikwa vitambaa vya kufuma migongoni, na katikati kulikuwa na meza ya kanisa, nayo imefunikwa. Mwenyekiti wa akina mama ndiye anayeweka ufunguo wa stoo, na viti hivyo hutoka mara nyingi kwa ajili ya misiba. Kwa sababu hiyo nilivichorea msalaba mdogo wa rangi nyeupe kwa nyuma, visipotee. Sikuhitaji kutazama nyuma yake. Nilikaa kwenye kimoja na nikakijua kwa mgongo.

Afisa naye alikaa, akashusha pumzi kwa raha, akafungua tableti yake. Niliona macho yake yakitembea: viti, meza, vitambaa, chupa ya chai inayong'aa. Kidole kikawa kinafuata macho.

Kisha chakula kikaingia. Msichana alitunawisha mikono kwa adabu, akipiga goti mbele ya kila mmoja wetu. Kulikuwa na ugali wa mtama, mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa, na jogoo mzima. Afisa alinigeukia akaninong'oneza kwamba haruhusiwi kula kwenye nyumba za watoto wanaoshindania nafasi. Nyanya hakusikia maneno, lakini aliona mkono usionyooshwa kwenye sahani, na uso wake ukashuka. Nilimwambia afisa kwamba hapa si hongo, hapa ni mlango. Asipokula ni kama bado hajaingia. Alifikiri kidogo, akamega tonge. Mpaka leo namheshimu kwa tonge lile.

Mimi niliwekewa firigisi, kwa kuwa ndimi mwanamume mkubwa kwa umri. Afisa aliiona akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Kwetu, Mzee, ukishakula hiyo huwezi tena kusema neno baya juu ya nyumba hii."

Mzee wa kijiji alicheka akasema hata hapa ni vivyo hivyo. Nikaila. Ilikuwa laini, na niliimaliza.

Afisa alimuuliza msichana, kwa upole, kama huwa wanakula nyama mara nyingi. Msichana alimtazama nyanya yake, akanitazama mimi, akajibu kwamba wanakula vizuri, wanamshukuru Mungu. Akamuuliza anasomea wapi. Akajibu kwamba anasomea hapa hapa, na panamtosha, wanamshukuru Mungu. Majibu hayo nayajua. Kwa miaka yote niliyowafundisha watoto wa shule ya Jumapili, niliwaambia kwamba Mkristo akiulizwa habari za nyumbani kwao halalamiki, hushukuru. Sasa mtoto alikuwa anashukuru vizuri kabisa, na kila shukrani ilikuwa inamshusha.

Nilimuuliza afisa, kama mtu anayeuliza tu, kama hawezi kumalizia kuandika tukiwa njiani. Alisema hapana, tableti hutambua mahali ilipo, na lazima atume akiwa ndani ya boma. Akibonyeza, imeenda, na hairudi. Nikamuuliza kama anaweza kuandika kitu ambacho hakionekani. Akasema bila ukali, kama mtu ambaye ameshaulizwa hivyo maboma mengi:

"Mimi naandika ninachokiona, Mzee. Nikianza kuandika ninachoambiwa, kila nyumba itaniambia yake."

Alikuwa na haki. Nami nilikuwa nimekaa hapo katikati ya watu watatu wenye haki. Mzee wa kijiji alikuwa na haki ya kutangaza wageni. Afisa alikuwa na haki ya kuandika viti. Na yule mama alikuwa na haki ya kutokaribisha watu kwenye ndoo zilizopinduliwa. Ningeweza kusema neno moja tu, viti hivi ni vya kanisa, na kila kitu kingekuwa wazi. Lakini ningeupata wapi ujasiri huo mbele ya mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo aliyempika, nikiwa nimeikalia heshima yake, firigisi yake tumboni mwangu? Nilisikia uchovu umenipanda kutoka magotini mpaka kwenye taya. Nilitamani mtu mwingine awe ndiye mimi, hata kwa dakika chache.

Afisa aliuliza kama tunaweza kumaliza. Kidole kilikuwa tayari. Hapo mzee wa kijiji akasema kwamba wageni hawaondoki bila maombi, na kwamba Japuonj, yaani mimi mwalimu wa dini, atatufungia.

Tukasimama. Katika nyumba za huku mimi huomba kwa Dholuo. Nimeomba kwa Dholuo kwenye nyumba ile ile siku mama ya msichana alipozikwa, na siku paa lilipoezuliwa na upepo. Nilifumba macho, na nilipofungua kinywa nikaanza kwa Kiswahili. Nilisikia pumzi ya yule mama ikikatika kidogo. Alijua papo hapo kwamba siombi kwa ajili yake peke yake.

"Baba," nilisema, "tunakushukuru kwa viti hivi, ambavyo ni vya nyumba yako, na ambavyo vimetembea mpaka hapa ili kutupumzisha, na vitarudi mbele ya madhabahu yako. Tunakushukuru kwa meza hii tunayokula juu yake mkate wako. Mbariki shemeji wa ng'ambo ya kijito aliyetoa jogoo wake. Mbariki mke wa mwalimu aliyetoa chupa ya chai. Tunakushukuru kwa mkeka ulio nyuma ya pazia hili, ambao mama huyu na mjukuu wake hulalia pamoja, na kwa koroboi ambayo mtoto amesomea mpaka amefika hapa. Mama huyu ametupa vyote ambavyo majirani, kwa kumpenda, wamemwazima. Wewe uliyeona, tuonyeshe na sisi. Amina."

Mzee wa kijiji aliitikia kwa nguvu, kisha nadhani akasikia alichokiitikia, kwa maana alianza kuvifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Msichana aliitikia kwa sauti ndogo. Yule mama hakuitikia mara moja. Amina yake ilikuja nyuma, imekauka.

Afisa alikuwa bado amesimama. Alitazama kiti alichokuwa amekalia, hakukigusa wala kukigeuza, na kwa hilo pia namshukuru. Alifunga tableti, akaiweka chini ya kwapa, akamwambia yule mama:

"Mama, kwetu mgeni wa kike akishiba huenda jikoni kumshukuru mpishi. Naomba unipeleke."

Sijui kama kweli kwao kuna desturi hiyo. Sikumuuliza. Yule mama alinitazama mimi kwa muda, si kwa hasira, kwa namna ya mtu anayemtazama jirani aliyeingilia dirishani. Kisha akavuta pazia, na wote wawili wakapita. Nilibaki kwenye kiti cha kanisa pamoja na mzee wa kijiji, ambaye alinilaumu kwa sauti ya chini, kwa Dholuo, kwamba nimemvua mama nguo mbele ya wageni. Nilimwambia nimejaribu kumvua polepole. Akasema hakuna polepole katika jambo hilo.

Walikawia huko ndani. Niliwasikia wakizungumza, sauti ya afisa ikiuliza, ya mama ikijibu kwa maneno machache. Waliporudi, afisa hakukaa tena kwenye mto mwekundu. Alikaa kizingitini, miguu nje, akafuta alichoandika na kuanza upya. Alipobonyeza, nilifumba macho tena, safari hii bila sauti.

Wakati wa kupanda kurudi barabarani hakuniambia ameandika nini, nami sikumuuliza. Alisema tu kwamba maombi yangu ni marefu. Nikasema chakula kilikuwa kingi. Akacheka, kisha akasema kwamba nyanya yake kule kwao angefanya vilevile, angeazima mpaka ng'ombe.

Viti vilirudi kanisani kesho yake. Vililetwa na msichana na vijana wa jirani, vimefutwa vumbi vizuri, hata miguuni. Nyanya yake hakuja navyo. Jumapili alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo hakuwa amezoea kukaa, na baada ya ibada alitoka kabla sijafika kumpa mkono. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Mke wangu aliniambia niende nikaseme naye. Nilimjibu kwamba nitasema nini, kwamba viti havikuwa vya kanisa? Nilingoja. Kungoja ni kazi ambayo nimeijua kidogo kwa umri huu, ingawa haipungui uzito.

Majibu yalisomwa Kondele, ghorofani, dirisha limefungwa. Jina la msichana lilikuwamo. Alikuwa amefuzu pande zote mbili. Mtoto mwingine wa Asembo Bay, mwenye alama nzuri zaidi za mtihani kuliko yeye, alianguka kwenye alama za nyumbani, na wakati wengine wakipongezana mimi nilikuwa nikijiuliza kimya kimya huko nako viti vilikuwa vya nani. Nilimkabidhi mtoto yule kwa Mungu, kama ninavyofanya kwa wote ambao sina jibu lao, na wamekuwa wengi.

Sikumpigia yule mama simu. Nilishuka mpaka ufuoni kwa miguu yangu mwenyewe. Alikuwa ameinama juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, anawageuza omena kwa viganja, na wote walikuwa wanang'aa juani. Nilimwamkia, akaniitikia bila kuinuka. Nikamwambia mtoto amefuzu, ataripoti shuleni, kila kitu kitalipwa.

Mikono yake ilisimama. Alikaa chini pale pale mchangani, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika. Nilikaa na mimi, ingawa kuinuka kungekuwa neno lingine. Baada ya kitambo alijifuta, akasema Mungu ni mwema. Nikasema ni mwema.

"Nilitaka waone kwamba mtoto ametoka kwa watu," alisema.

Nilimwambia waliona. Nilimwambia afisa alisema nyanya yake mwenyewe angefanya vilevile. Alitikisa kichwa, akachota omena kiganjani, akapuliza mchanga, akawarudisha kwenye wavu.

"Lakini Jaduong'," akasema, na aliponiita hivyo, mzee wa heshima, nilijua kwamba amenisamehe sehemu tu, "siku nyingine ukiombea nyumba yangu, omba kwa Dholuo."

Nikasema nimesikia. Akasema basi anza sasa, mtoto anakwenda safari. Nikavua kofia, nikaomba hapo hapo kwa Dholuo, sala fupi, na sikutaja kitu chochote kilicho ndani ya nyumba ya mtu. Aliitikia amina kabla sijamaliza, kwa sababu jua lilikuwa limesogea na upande mmoja wa omena ulikuwa bado haujageuzwa.